Harufu ya Mwamba Uliofungwa

Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijapigwa, samaki wa kwanza alilala ubavu. Wa pili akamfuata. Nilikuwa nimeinama juu ya mfereji wa plastiki katika stoo ya maabara ya skuli yetu hapa Vitongoji, Pemba, simu mkononi ikinihesabia dakika, na nilichokuwa nikikiona kilikuwa kinyume cha kila nilichowaambia watu.

Niliwaambia kina mama wa pwani yetu kwamba vitoto vya samaki hupata njia ya kwenda mwambani kwa kunusa. Niliwaambia kwamba mwamba wetu, ule tuliokubaliana tusiukanyage kwa mwaka mzima, umeanza kupona, na kwamba mwamba unaopona una harufu inayowaita wadogo kutoka bahari kuu. Tena niliahidi kuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wataliona hilo kwa macho yao. Sasa maji niliyoyachota kwenye mwamba huohuo, badala ya kuwaita samaki, yalikuwa yakiwaangusha.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana ukilielewa ndipo utaelewa kwa nini niliogopa.

Samaki wengi wa mwambani, kama changu, pono na kitatange, hawalelewi pale yai lilipotagwa. Anayetoka kwenye yai ni mwembamba kama uzi wa cherehani, na mkondo humchukua ukampeleka nje, kwenye maji ya buluu. Huko hukaa wiki kadhaa akila vijidudu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Kisha siku moja, akiwa na urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho na mwili bado u wazi kama kioo, huanza kutafuta pa kuishi. Hana mzazi wa kumfuata. Macho yake hayafiki mbali. Masikio humsaidia kidogo, kwa kuwa mwamba wenye uhai una kelele zake za kugongagonga na kutafuna. Na ana pua.

Pua ya samaki haivuti pumzi. Ni vitundu viwili vidogo ambamo maji hupita. Kila chenye uhai baharini huachia chembe zake majini: matumbawe, majani ya baharini, samaki wenyewe, hata jani la mkoko linalooza kando ya mkondo. Maji yakitoka, yaani yakipwa, hutoka na chembe hizo. Mdogo wetu akikutana nazo huko nje, hugeukia upande zinakozidi. Ni kama wewe unapopita mtaani mchana wa sikukuu: humuulizi mtu pilau inapikwa nyumba gani. Na hachagui ovyo. Wapo wanaotofautisha maji ya mwamba hai na ya mwamba uliokufa, na harufu ya samaki mla wenzake huwafanya wajitenge. Si kila aina hufanya hivyo, wala si kwa kiasi kimoja, na wanaolichunguza jambo hili bado wanabishana. Huwaambia wanafunzi wangu wasiogope kubishana kwao. Mtu anayeendelea kuuliza hajashindwa.

Mwamba wetu ulipauka mwaka ule maji yalipopata joto kupita kiasi. Ukawa mweupe kama mifupa. Kina mama waliendelea kuupitia kwa miguu maji yakitoka, wakichokoa pweza, na kila hatua ilivunja kitu. Nikasimama mkutanoni nikaeleza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba uachwe upumue. Nani alinisikiliza? Mimi ni mtoto wa Ole, wa mashamba ya karafuu, niliyeletwa pwani na ndoa. Aliyesikilizwa ni mama mkwe wangu. Alikuwa akiutembea mwamba ule tangu hajaolewa, na siku ile alisimama, akakiweka chini chuma chake cha kuchokolea pweza, akasema, "Mimi nauacha. Mwaka mmoja nauacha. Aliye mwenzangu na auache." Wakauacha kwa neno lake. Na mwaka ulipokuwa ukielekea kwisha, neno lake ndilo lililokuwa likipimwa. Ijumaa hiyo wangeamua kama mwamba uendelee kufungwa au ufunguliwe.

Aliyekuwa na haki kubwa ya kuuliza ni jirani yetu, mjane, hodari wa pweza kuliko wote. Matundu yake mengi mazuri yalikuwa humo. Wiki moja kabla alisimama mlangoni kwetu, ndoo kichwani, haishiki kwa mkono.

"Mwaka unakwisha, Bi mkubwa," alimwambia mama mkwe. "Sijaona mtoto wa samaki wala mjukuu wake."

"Wanakuja. Mkwe wangu atakuonesheni Ijumaa."

"Ataonesha nini? Samaki waliovaa miwani?"

"Watanusa."

"Basi na waje wanuse sufuria yangu, wanambie ina nini."

Alicheka mwenyewe, akaenda zake. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama, nami nikasema, "Usijali, mama." Tangu siku ile sikupata usingizi wa maana.

Samaki tuliwapata Jumapili kwa njia ya kina mama wenyewe, ya kutanda. Wawili hushika kitambaa kipana ndani ya maji ya kiunoni, wengine huja kwa mbele wakipigapiga maji kuwasukuma dagaa. Ulikuwa mwezi mwandamo, wakati ambao wadogo kutoka nje huingia kwa wingi. Mama mkwe alichagua kitambaa laini kikuukuu ili wasikwaruzike, akawachota kwa bakuli, si kwa mkono. "Usiwatafute mwili," alinifundisha. "Tafuta macho. Mtoto wa samaki wa nje huonekana macho tu." Kweli, katika bakuli jeupe niliona vidoti viwiliwili vyeusi vikitembea pamoja, kama vimeachwa na kalamu. Tulipata kumi na watano.

Maji ya mwamba niliyachota mimi mwenyewe katika dumu la manjano nililolitoa kwetu Ole. Kaka yangu alikuwa ameliosha kwa sabuni, na kabla ya kulitumia nililinusa. Sikusikia kitu. Maji ya bahari ya nje niliagiza kwa mvuvi mmoja, nikampa ndoo mpya nyeupe niliyoinunua Chake Chake. Mfereji ulikuwa bomba la paa lililopasuliwa kwa urefu. Kwenye kichwa chake niliweka mipira miwili myembamba: mmoja ulileta maji ya mwamba, mwengine maji ya nje. Maji yakienda polepole, mikondo miwili hupita ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika sana. Nililihakikisha hilo kwa tone la rangi ya keki. Unamuweka samaki katikati, unamuacha. Akipenda, huhamia upande mmoja. Baada ya dakika kadhaa unabadilisha mipira, wa kushoto unauhamishia kulia, ili ujue anafuata maji na si mwanga wa dirisha. Ni jaribio ambalo mwanafunzi wa darasa la saba analiweza, na niliwahi kujisifu kwa hilo.

Jumatatu ile, kila aliyegusa upande wa mwamba alirudi nyuma kama aliyeungua. Waliochelewa kurudi walianza kuyumba, wakalala. Niliwakimbiza kwenye bakuli la maji ya nje. Baadhi waliinuka baada ya muda. Wanne hawakuinuka.

Nilifunga stoo, nikaenda kufundisha vipindi vinne, na sijui nilichofundisha. Kichwani lilikuwemo jambo moja tu. Pengine mwamba haukuwa ukipona. Pengine ulikuwa ukioza, unatoa kitu kibaya, na mimi nimewanyima watu riziki ya mwaka mzima ili kulinda kaburi. Nilimfikiria jirani na sufuria yake. Aliisema kwa mzaha, lakini nilijua kuna siku haikuwa mzaha.

Jioni mama mkwe alikuwa akimenya muhogo uwani. "Vipi wageni wetu?" aliuliza.

"Bado nawazoesha."

"Mbona huli?"

"Nimekula skuli."

Aliendelea na kisu chake. Hayo yalikuwa maneno mawili ya uongo ndani ya dakika moja, mimi ambaye huwaambia watoto kwamba jibu baya lililosemwa kweli lina faida kuliko jibu zuri la kubuni.

Jumanne nilirudia na samaki watatu tu. Yakawa yaleyale. Wawili walikufa. Nilikuwa nimewatia kwenye karatasi nikaitupa jaani, na mfanyakazi wa usafi aliiona. Sikumlaumu. Kijijini samaki aliyetupwa ni habari.

Magharibi mama mkwe alirudi kutoka kisimani bila maji. Aliweka ndoo tupu, akaketi kwenye jamvi, akavua kanga ya kichwa akaikunja mara nne.

"Ati samaki wa mwalimu wamenusa wakafa," alisema. "Kweli?"

"Kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana nilikuuliza."

Niliichukua ndoo tupu nikaiegemeza ukutani.

"Ningeliambiwa na wewe, ningelijua la kujibu. Nimeambiwa kisimani, mbele ya watu, na yule jirani yako akanishika bega kunipa pole. Pole! Kama nimefiwa." Aliikunjua kanga akaikunja tena. "Sasa nambie wewe. Mwamba una sumu?"

"Sijui."

"Usinambie sijui kwa sauti hiyo. Ukisema Ijumaa kwamba mwamba una sumu, Jumamosi watauvunjavunja wote. Kitu kibovu nani atakilinda?"

"Tuahirishe basi, mama. Tuwaambie samaki wameumwa."

"Hatuahirishi. Na hunifichi tena. Ukiona kitu, tutaona pamoja, mimi na wao."

Jumatano saa nne mwalimu mwenzangu wa kemia aliingia stoo kutafuta chupa ya kupimia. Ni mzaliwa wa Singida, alihamishiwa kwetu mwanzoni mwa mwaka, na bado alikuwa akistaajabia vitu ambavyo sisi hatuvioni. Alisimama mlangoni.

"Unaumwa jino, Mwalimu?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Humu mnanuka karafuu kama kwa mtu anayetibiwa jino."

"Ni msimu," nilimwambia. "Pemba nzima inanuka. Ukitoka nje utaona majamvi mpaka barabarani."

"Nje inanuka. Humu imezidi." Alianza kuzunguka, pua mbele, akipita juu ya meza, kwenye ndoo, kwenye mfereji. Alipofika kwenye dumu la manjano aliinama, kisha akarudi nyuma akifuta macho. "Ni hili."

Nilikwenda nikaingiza uso wangu wote. Nilisikia hewa. Nilivuta tena, mpaka kichwa kikawa chepesi. Hewa tu, na uchumvi kidogo.

"Husikii?"

"Sisikii."

"Nyinyi Wapemba," alisema, "pua mmewekewa mapambo."

Nilimpigia simu kaka yangu Ole palepale. Nilimuuliza lile dumu lilikuwa na nini.

"Lipi?"

"La manjano. Lenye mfuniko mweusi."

"Si lile la mafuta ya makonyo. Lakini nililiosha mara mbili, mpaka linang'aa. Limevuja?"

Makonyo ni vile vijiti vinavyobeba karafuu. Vikichemshwa hutoa mafuta makali, na hapa kwetu hakuna nyumba isiyojua kazi yake: jino likikuuma unatia kidogo kwenye pamba, na baada ya muda ufizi hauna habari. Kinachofisha ganzi jino ndicho kinachomlaza samaki. Hilo nililijua. Niliwahi kusoma kwamba wanaotibu samaki hutumia mafuta ya karafuu kwa makusudi, ili samaki atulie. Plastiki hunywa mafuta, na sabuni huosha juu tu. Nilikuwa nimewanywesha vitoto vile dawa ya usingizi, kisha nikasema bahari ndiyo iliyowaua.

Na kwa nini sikusikia? Hili nalo lina maelezo, na nalitoa kwa sababu si langu peke yangu. Pua ni kama bawabu mvivu: hutangaza wageni tu. Harufu iliyopo daima, huacha kuitaja. Mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo magunia ya karafuu yalilala chumba kimoja na sisi. Nimejifunza kutambaa juu ya majamvi ya kuanikia. Mtu mwengine wa kijiji chochote cha karafuu angelinusa dumu lile kama nilivyolinusa, na angelisema kama nilivyosema, kwamba halina kitu. Mtu wa Singida hangeweza kukosea hivyo.

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Kujua kwamba dumu lilikuwa na kosa hakukunionesha kwamba mwamba hauna. Huenda vyote viwili vilikuwa na tatizo. Njia ilikuwa moja: kubadilisha kitu kimoja tu, chombo, na kuacha mengine yote kama yalivyo. Lakini nilibakiwa na samaki sita wenye nguvu. Kupata wengine kabla ya Ijumaa kusingewezekana, kwa sababu wale wa mwezi ule walikwishaingia na kutawanyika. Nikiwajaribu faraghani, watachoka, pengine watakufa, na Ijumaa nitasimama na bakuli tupu.

"Jaribu leo, ujue," alinishauri mwalimu wa kemia. "Usiende mbele za watu ukiwa kipofu."

Nilimweleza mama mkwe yote jioni, dumu, mafuta, Singida, kila kitu. Alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Kwa hiyo hujui," alisema.

"Sijui, mama. Na nikijaribu leo ndipo nitajua."

"Hujaribu. Nimeshasema tutaona pamoja. Ukijua peke yako ukawaonesha, watasema umepanga. Na watakuwa na haki, maana mara ya kwanza ulificha."

Nikawaacha samaki bakulini mwao.

Alhamisi ilikuwa siku ya kutafuta chombo kisichonuka. Ungedhani ni kazi ndogo. Tulimwalika mwalimu wa kemia uwani kwetu, na mama mkwe akamtolea vyombo vyote kimoja kimoja, naye akavinusa kama mkaguzi wa forodha. Mtungi ulikuwa na ubani, kwa kuwa sisi hufukiza mitungi ya maji ya kunywa. Sufuria zilinuka samaki. Ndoo ya kufulia ilinuka sabuni. Beseni la mama mkwe, analolitunza kama dhahabu, lilinuka udi.

"Hata hili?" mama mkwe aliuliza, ameudhika.

"Hata hili, Bi mkubwa. Zuri sana, lakini lina udi."

"Basi nyumba yetu yote ni chetezo."

Mwisho tulinunua katoni mbili za maji ya chupa dukani, tukawagawia watoto wa jirani wanywe, tukabaki na chupa tupu zinazofanana. Nilichota maji mapya ya mwamba katika baadhi ya chupa hizo, na mvuvi akaleta maji mapya ya nje katika zilizobaki. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, vyombo vya aina moja kwa pande zote mbili. Mfereji na mipira niliibadilisha pia, kwa sababu mafuta yalikwishapita humo. Ukitaka kujua kama ni maji, usiruhusu kitu chengine kitofautiane. Nimelifundisha hilo miaka na miaka.

Ijumaa baada ya alasiri kina mama walikusanyika kwenye banda la nyavu. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, maana habari ya samaki waliokufa huvuta watu kuliko ya samaki walio hai. Nilianza na kosa langu. Nilieleza dumu, nikaeleza makonyo, nikasema nilimficha mama mkwe siku moja nzima na kwamba sijui samaki hawa watafanya nini.

"Kwa hiyo uliwapa dawa ya jino," alisema jirani yetu kutoka mbele, alikokaa makusudi.

"Niliwapa."

"Walikuwa na meno?"

Banda likacheka, na hata mimi nikacheka kidogo.

Samaki wa kwanza niliyemuweka katikati alikaa katikati. Hakwenda kushoto wala kulia. Dakika zikapita. Mtu mmoja akakohoa. Nilisema samaki mmoja si jibu, tusubiri, na sauti yangu ikasikika ndogo. Wa pili akazunguka, akatulia upande wa maji ya nje. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimsikia akivuta uradi wake polepole.

Wa tatu alikwenda upande wa mwamba. Hakuyumba. Alisimama dhidi ya mkondo, mkia ukitetemeka, kichwa kimeelekea kule maji yanakotoka. Nilibadilisha mipira. Alikaa kidogo kwenye maji ambayo sasa yalikuwa ya nje, akarudi nyuma, akavuka. Wa nne na wa tano walifanya vivyo hivyo, ingawa mmoja wao alichukua muda mpaka watu wakaanza kuzungumza habari nyingine. Wa sita alipochagua mwamba, jirani yetu aliinuka, akaja akainama juu ya mfereji mpaka kanga yake ikalowa.

"Badilisha," alisema.

Nikabadilisha. Samaki akavuka.

"Nipe mimi." Alichukua mipira kwa mikono yake mwenyewe, akaibadilisha tena, bila kunitazama. Tulisubiri. Samaki alivuka tena, macho mawili meusi yakipita kwenye plastiki nyeupe.

Niliwaambia ukweli: wanne kati ya sita si ushahidi wa kufungia mjadala. Ningependa mia. Lakini tumeona kwamba maji ya mwamba wetu hayaui, na kwamba baadhi ya wadogo huyapenda kuliko ya nje.

Jirani hakurudi kukaa. "Lile dumu," aliuliza, "mafuta kiasi gani yalibaki ndani?"

"Hayakubaki. Lilioshwa mara mbili."

"Hata tone?"

"Hata tone la kuonekana."

Alifikiri. "Sisi majamvi na magunia ya karafuu tunafua wapi, kila msimu?"

Kila mtu alijua. Tunafua kwenye kijito, kwa sabuni, kila nyumba, na kijito kinamwagikia palepale ubavuni mwa mwamba tulioufunga. Mimi mwenyewe nilifua hapo. Katika mwaka mzima wa kuwaeleza watu juu ya harufu, sikuwahi kulifikiria.

"Mwalimu," alisema jirani, "hilo linawalewesha au haliwaleweshi?"

"Sijui. Bahari ni kubwa, pengine halifiki. Lakini wadogo huingia karibu na pale, na sina la kukuhakikishia."

"Sasa ndiyo unasema," alisema.

Mama mkwe alijitokeza mbele. Hakutoa hotuba. Aliuliza nani anataka mwamba ufunguliwe kesho, mikono michache ikainuka, mingine ikainuka nusu ikashuka. Akauliza nani atauacha mpaka miezi mitatu mingine, na kufua kuhamishiwe kisima cha juu. Hapo pakawa na manung'uniko, kwa sababu kisima cha juu kiko mbali na njia yake ni ya mlima. Mikono ilipanda mmoja baada ya mwengine. Jirani yetu alichelewa kuliko wote.

"Nauacha," alisema. "Miezi mitatu, siyo minne. Na tundu langu la nje ya mwamba, lile ninalolijua, asinigusie mtu."

"Hakuna atakayekugusia," alijibu mama mkwe.

Samaki watano kati ya sita walirudishwa baharini jioni ile wakiwa hai. Yule aliyekataa kuchagua alikufa ndani ya bakuli, na sijui kwa nini.

Jumamosi asubuhi niliwakuta kina mama njiani wakipanda kuelekea kisima cha juu, magunia ya kufua yamefungwa kichwani. Nilikuwa nikienda skuli kusahihisha madaftari. Jirani yetu alinisimamisha, akanitwisha furushi lake moja bila kuomba.

"Beba, Mwalimu. Maneno ni yako."

Nililibeba. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na mlima ulikuwa mrefu. Mama mkwe alikuwa mbele yetu, akihema. Nilikuwa nikihesabu siku mpaka mwezi mwandamo mwengine, ambapo wengine wangeingia, au wasingeingia.

"Wasipokuja?" jirani aliniuliza, tulipofika nusu ya njia.

"Tutaangalia tena kwa nini."

"Nami n'takuwepo," alisema, akalisukuma furushi kichwani kwangu likae sawa.